Wangechi Mutu: msanii anayekata magazeti na kuyafanya yatembee

Wangechi Mutu ni msanii kutoka Nairobi, Kenya, aliyezaliwa mwaka 1972. Anajulikana duniani kwa kazi za kukata na kubandika picha, yaani kolaji, na pia kwa filamu fupi za katuni na sanamu za shaba. Katika makala haya tunaeleza anavyofanya kazi, mawazo yake yanatoka wapi, na kwa nini kazi zilizoonyeshwa New York, London na Venice zinamhusu pia mama anayetusikiliza akiwa njiani na mzigo wa kuni kichwani.

Kwenye redio hatuwezi kukuonyesha picha, na ndiyo maana tumeandika. Kama una bando, andika jina la msanii kwenye intaneti na utaziona kazi zake nyingi. Kama huna, usijali. Tutazieleza kwa maneno, polepole, moja baada ya nyingine.

Kwa ufupi

- Mutu hukata picha kutoka magazeti ya mitindo, ya safari, ya pikipiki na hata vitabu vya tiba, kisha huziunganisha kuwa viumbe wapya, wengi wao wanawake.
- Mwaka 2013 alitoa filamu yake ya kwanza ya katuni, ya takriban dakika 8.
- Mwaka 2015 filamu yake ya mwanamke anayebeba mzigo unaozidi kukua ilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia.
- Mwaka 2019 sanamu zake 4 ziliwekwa mbele ya jumba kubwa la makumbusho la New York, katika nafasi zilizokuwa tupu tangu 1902.

Kolaji ni nini?

Neno hili limetoka katika Kifaransa, kwenye kitenzi chenye maana ya kubandika kwa gundi. Msanii hachori kila kitu kwa mkono. Anachukua vipande vya vitu vilivyokwishatengenezwa, kama gazeti, kitambaa, tiketi au picha, anavikata na kuvipanga upya.

Watu wamekuwa wakikata na kubandika karatasi kwa karne nyingi. Lakini kama sanaa ya kisasa, kolaji kwa kawaida huhesabiwa kuanza mwaka 1912 nchini Ufaransa, pale Pablo Picasso na Georges Braque walipoanza kubandika vipande vya karatasi kwenye michoro yao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamke aitwaye Hannah Höch huko Berlin, Ujerumani, alikata magazeti na kuunganisha vichwa vya wanasiasa na miili ya wacheza ngoma na mashine, akiwacheka wakubwa wa nchi yake. Baadaye Romare Bearden, Mmarekani mweusi, alitumia kolaji kusimulia maisha ya watu weusi mashambani na mjini.

Kwetu huku, wengi tumewahi kuiona bila kuiita jina hilo. Katika nyumba nyingi za udongo watu hubandika kurasa za magazeti na kalenda za zamani ukutani, kuzuia vumbi na kupendezesha chumba. Mtoto akilala anatazama. Hapa kuna waziri anafungua daraja, chini yake tangazo la sabuni, pembeni mchezaji wa mpira asiye na miguu kwa sababu ukurasa uliishia kiunoni. Macho yanaanza kuunganisha. Waziri anakuwa na miguu ya mchezaji, na mwanamke wa sabuni anafungua daraja. Hakuna aliyepanga hivyo, lakini hadithi mpya imeshazaliwa. Mwenye kolaji hufanya jambo hilo hilo kwa makusudi.

Alikotoka

Mutu alikulia Nairobi na kusoma shule ya Loreto Convent Msongari. Akiwa kijana alipata nafasi ya kusoma katika chuo cha kimataifa huko Wales, Uingereza, kinachokusanya wanafunzi kutoka nchi nyingi. Kisha akaenda New York. Huko alisoma sanaa na pia anthropolojia, yaani elimu ya watu na tamaduni zao. Alihitimu shahada ya kwanza katika chuo cha Cooper Union mwaka 1996, na shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2000.

Kuna jambo hapa ambalo watu hulisahau. Yale alisomea uchongaji na utengenezaji wa sanamu. Sanamu inahitaji nafasi, vifaa na fedha. Karatasi na mkasi havihitaji vingi. Unaweza kufanya kazi juu ya meza ya chumba kidogo. Kolaji ni sanaa inayomruhusu mtu asiye na mtaji kuanza na kilichopo, na kwa Mutu ndiyo iliyomtambulisha kwa dunia kabla hajarudi kwenye sanamu kubwa.

Kusoma anthropolojia nako kuliacha alama. Ukitazama kazi zake kwa muda utaona swali moja linarudi: nani alipiga picha hii, alikuwa akimtazama nani, na kwa faida ya nani?

Hatua za kazi yake

Kwanza ni kukusanya. Mutu alitumia magazeti ya mitindo yenye wanawake waliopambwa, magazeti ya safari yenye picha za Afrika kama Wazungu walivyozoea kuionyesha, magazeti ya pikipiki, na hata magazeti ya picha za utupu. Kila gazeti kati ya hayo lina namna yake ya kumtazama mwanamke. La mitindo linamuuzia nguo, la safari linamfanya kivutio, na la utupu linamfanya bidhaa. Mutu hayachomi moto. Anayakata.

Pili ni wino. Kazi zake nyingi kubwa zimefanywa juu ya karatasi ngumu ya plastiki iitwayo Mylar. Ili kuelewa, fikiria chai ikimwagika kwenye daftari. Karatasi inainyonya mara moja. Sasa fikiria ikimwagika kwenye kitambaa cha plastiki cha mezani. Inakaa juu, inakimbia, inajikusanya, na ikikauka inaacha duara zenye kingo nyeusi. Wino na rangi juu ya Mylar hufanya hivyo hivyo. Msanii anaweza kuuelekeza, lakini hauamrishi moja kwa moja. Madoa yanayobaki yanafanana na ngozi, na jiwe, na ramani, na wakati mwingine na kidonda. Hiyo ndiyo inakuwa ngozi ya wanawake wake.

Tatu ni kukata na kuunganisha. Mdomo unatoka kwenye tangazo la rangi ya midomo. Mkono unatoka kwa mtu mwingine, mwenye ngozi ya rangi nyingine. Kiungo cha goti kinaweza kuwa kipande cha pikipiki. Nywele zinaweza kuwa nyasi, manyoya au mizizi. Ukiwa mbali unaona mwanamke mmoja amekaa kwa madaha. Ukisogea karibu unagundua ni watu kumi, wanyama watatu na injini.

Nne ni kupamba. Huongeza shanga, lulu, vumbi linalometa, manyoya na vitambaa. Hapa ndipo mtazamaji anapovutwa. Kitu kinang'aa kama vazi la harusi, lakini kinachong'aa kiko juu ya jeraha. Mtu anapenda, kisha anashtuka, kisha anajiuliza kwa nini alipenda.

Kwa nini mwili wa mwanamke?

Mutu ameeleza mara nyingi kwamba mwili wa mwanamke ndipo jamii inapoandika mambo yake, yale inayoyatamani na yale inayoyachukia pia. Tukitazama kwetu, hilo halihitaji maelezo marefu. Ndoa ikivunjika, mavazi yanasemwa ya nani? Mtoto akikosa adabu, malezi yanalaumiwa ya nani? Krimu za kujichubua zinatangazwa kwa picha ya nani?

Tuchukue mifano miwili.

Mwaka 2001 alifanya mfululizo wa picha uitwao Pin-Up. Kwa haraka unaona wanawake waliojipanga kwa mapozi kama wale wa kalenda za gereji. Ukitazama vizuri unaona mmoja hana mkono, mwingine hana mguu. Mutu alikuwa akifikiria vita vya Sierra Leone, ambako waasi walikata viungo vya raia huku biashara ya almasi ikigharamia silaha. Kwa njia hiyo mrembo wa ukutani na mhanga wa vita wanakuwa mtu mmoja. Anayetazama kwa tamaa anajikuta anatazama ukatili.

Mfano wa pili ni wa katikati ya miaka ya 2000. Alichukua kurasa 12 za michoro ya zamani ya kitabu cha tiba, inayoonyesha magonjwa ya kizazi cha mwanamke, na juu ya kila mchoro akabandika uso. Yaani ule ugonjwa ukapata macho, pua na mdomo, na ukaanza kukutazama wewe. Daktari wa enzi hizo alichora kiungo tu, bila mwenye kiungo. Mutu alimrudisha mwenyewe.

Wapo wanaosema kazi hizi zinatisha au zinakosa heshima, na tunaelewa kwa nini. Si picha za kutundika sebuleni wageni wakija. Lakini inafaa kuuliza kitisho kinatoka wapi. Kila kipande kilichomo kilikuwa tayari kimechapishwa na kuuzwa dukani, na hakuna aliyelalamika. Vilipowekwa pamoja ndipo vikaonekana vilivyo.

Picha zinapoanza kutembea

Katuni, au animesheni, ni ujanja wa macho. Picha zenyewe hazitembei. Unaonyeshwa picha moja, kisha nyingine iliyobadilika kidogo, kisha nyingine, kwa kasi kiasi kwamba akili inaziunganisha kuwa mwendo. Filamu ya kawaida hupitisha picha 24 kwa kila sekunde. Tukipiga hesabu, dakika moja ni picha 1,440. Dakika 8 ni picha 11,520.

Kolaji na katuni ni ndugu wa siku nyingi. Mwaka 1926 Mjerumani Lotte Reiniger alitoa filamu ndefu, The Adventures of Prince Achmed, iliyotokana na hadithi za Alfu Lela Ulela. Aliitengeneza kwa kukata vivuli vya watu kwenye karatasi nyeusi, kuviunga kwa waya kwenye viungo, kuvisogeza kidogo kidogo na kupiga picha kila mara. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka 3. Ni mkasi ule ule wa mwenye kolaji, ila picha inasogezwa badala ya kubandikwa moja kwa moja.

Mutu alikuwa tayari amefanya video kabla ya kufika kwenye katuni. Katika moja ya mwaka 2005 anaonekana amevaa nguo nyeupe, anatembea kuelekea baharini huku akiimba kwa Kikuyu wimbo wa kanisani Amazing Grace. Maneno ya wimbo huo yaliandikwa na John Newton, Mwingereza aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa. Ukijua hilo, mwanamke Mwafrika anayeingia majini akiuimba kwa lugha ya mama yake si jambo dogo.

Mwaka 2013 ikaja filamu yake ya kwanza ya katuni, The End of Eating Everything, maana yake mwisho wa kula kila kitu. Ilitengenezwa kwa ajili ya maonyesho yake katika jumba la makumbusho la Nasher, Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Uso wa mhusika ni wa mwanamuziki wa Marekani, Santigold. Tunaona kwanza kichwa cha mwanamke kikielea kwenye anga ya kijivu, nywele zikijinyonganyonga kama nyoka. Kundi la ndege linapita. Anawanusa, kisha anaanza kuwala. Kamera inarudi nyuma taratibu, na ndipo tunapoona mwili wake: donge kubwa kama sayari, lenye vidonda, mikono inayoning'inia, magurudumu yanayozunguka na moshi unaotoka. Anakula na anaumwa. Anaumwa na bado anakula. Mwishoni donge lote linapasuka.

Mtu anaweza kusema ni katuni ya ajabu ya wasomi. Lakini muulize anayeishi karibu na dampo la mji, au mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa sababu ya mifuko ya plastiki tumboni, atakwambia amemwona kiumbe huyo. Kolaji ya karatasi ilionyesha mwili uliounganishwa na takataka za dunia. Katuni iliongeza kitu ambacho karatasi haina, nacho ni muda. Tunaona ulafi ukianza, ukikua na ukifika mwisho.

Mwanamke anayebeba kila kitu

Kama tungeombwa tuchague kazi moja ya Mutu ya kuonyeshwa kwenye kila kijiji, tungechagua hii. Inaitwa The End of Carrying All, yaani mwisho wa kubeba yote. Ilionyeshwa mwaka 2015 kwenye maonyesho ya Venice yaliyosimamiwa na marehemu Okwui Enwezor, Mnigeria aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa maonyesho wanaoheshimika zaidi duniani. Inaonyeshwa kwenye skrini 3 zilizounganishwa, na mwanamke tunayemwona ni Mutu mwenyewe.

Hadithi ni rahisi. Mwanamke anatembea kwenye uwanda mpana, mzigo kichwani. Mwanzoni ni kikapu tu, kama mzigo wowote wa mama anayetoka sokoni. Anatembea. Mzigo unaongezeka. Hakuna anayemtwika, vitu vinaongezeka vyenyewe. Yanakuja magurudumu, dishi la televisheni, majengo. Mgongo unapinda. Hatua zinakuwa fupi. Hakuna anayekuja kumpokea. Mwishowe huwezi tena kutofautisha mtu na mzigo. Vimekuwa donge moja linalojikokota ukingoni. Linaanguka, ardhi inafoka, kisha uwanda unarudi kimya kana kwamba hapakuwa na mtu.

Hakuna mazungumzo kwenye filamu hiyo, na hayahitajiki. Msikilizaji wa kijijini anaelewa mambo mawili ambayo mtazamaji wa Venice anaweza kuyapita. La kwanza, kubeba kichwani ni ujuzi. Shingo inanyooka, kata inawekwa vizuri, macho yanatazama mbele. Mwanamke yule anaanza safari akiwa hodari, si mnyonge. La pili, mizigo ya kweli huongezeka hivyo hivyo, bila mtu kutangaza. Kwanza ni maji. Kisha maji na mtoto mgongoni. Kisha mkopo wa kikundi, ada, mgonjwa, na mboga za jioni. Kila kimoja ni kidogo. Hakuna siku aliyoulizwa kama ataviweza vyote kwa pamoja.

Na kuna maana ya tatu, ya ardhi yenyewe. Katika kazi za Mutu mwanamke na ardhi mara nyingi ni kitu kimoja. Tunavyomtwika yeye ndivyo tunavyoitwika ardhi, na zote mbili zina mwisho wa kubeba.

Nguva, bahari na udongo mwekundu

Tangu katikati ya muongo wa 2010 Mutu amekuwa akiishi na kufanya kazi Nairobi na New York. Kurudi nyumbani kulibadilisha vifaa vyake. Magazeti yalipungua. Udongo mwekundu, matawi, mizizi na mifupa vikaingia.

Majina ya kazi zake nayo yanasikika Kiswahili. Maonyesho yake ya mwaka 2014 katika jumba la Victoria Miro, London, yaliitwa Nguva na Nyoka. Sanamu moja ya shaba ya mwaka 2016, ya kichwa kilicholala, inaitwa Mwotaji.

Wasikilizaji wetu wa bara huenda hawamjui nguva. Ni mnyama wa baharini anayenyonyesha, mpole, anayekula majani ya baharini. Mabaharia wa zamani walimfananisha na mwanamke mwenye mkia wa samaki, na pwani yetu ina hadithi nyingi juu ya nguva anayemvuta mtu majini. Leo nguva wamebaki wachache sana Afrika Mashariki. Wanatajwa zaidi maeneo ya Lamu na kusini mwa Tanzania kati ya Rufiji na Kilwa, na wengi hufa wakinaswa kwenye nyavu za jarife. Kwa hiyo kiumbe ambaye watu walimwogopa kwa kuwameza, sasa anamezwa na watu. Mtu aliyeona filamu ya mlaji wa ndege anaweza kuuona uhusiano mwenyewe.

Sanamu zilizokaa kitako

Septemba 2019 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, liliweka sanamu 4 za Mutu mbele ya jengo lake. Ukuta huo ulimalizika mwaka 1902 ukiwa na nafasi zilizoachwa kwa ajili ya sanamu, lakini hazikuwahi kujazwa. Kwa zaidi ya miaka 100 zilibaki tupu, na wa kwanza kuzikalia walikuwa wanawake wa shaba wa msanii kutoka Nairobi.

Kwa nini amewakalisha? Katika majengo ya kale ya Ulaya kuna nguzo za mawe zenye umbo la mwanamke aliyebeba paa kichwani. Kwa Waluba wa Kongo kuna viti vya wakuu vinavyobebwa na sanamu ya mwanamke. Pande zote mbili mwanamke anapendeza, lakini amewekwa pale abebe. Wanawake wa Mutu wamekaa wima, mikono imetulia, na hawajabeba chochote. Kwenye uso wa baadhi yao kuna sahani ya shaba iliyosuguliwa hadi ikawa kioo, ikikumbusha sahani za mdomo zinazovaliwa na wanawake wa baadhi ya jamii za Afrika. Jua likipiga, zinamulika barabarani. Baada ya mwanamke aliyepondwa na mzigo, hawa wameutua.

Jaribu mwenyewe nyumbani

Klabu za shule na vikundi vya vijana vinaweza kutengeneza katuni ya kolaji bila kompyuta. Unahitaji simu yenye kamera, mkasi au wembe wenye mshikio, magazeti ya zamani na gundi. Ukikosa gundi ya dukani, koroga vijiko viwili vya unga wa ngano kwenye kikombe cha maji, pika kama uji hadi ushikane, acha upoe.

1. Kata umbo unalotaka, kwa mfano mtu. Kata kichwa, mikono na miguu peke yake, usivibandike bado.
2. Bandika mandhari ya nyuma kwenye kipande cha boksi na ukiweke chini, mahali penye mwanga usiobadilika. Ndani karibu na dirisha ni bora kuliko juani, kwa sababu vivuli vya jua husogea.
3. Weka ubao juu ya stuli mbili, na simu juu ya ubao, kamera ikitazama chini. Simu isiguswe wala kusogea hadi mwisho.
4. Piga picha. Sogeza mkono wa karatasi kidogo, kama upana wa punje ya mahindi. Piga tena. Endelea.
5. Unganisha picha kwa programu ya kutengeneza katuni kwenye simu. Zipo za bure. Picha 12 kwa sekunde zinatosha kuanzia, kwa hiyo sekunde 10 zinahitaji picha 120.

Jambo moja la kuzingatia ni hakimiliki. Kukata gazeti kwa ajili ya kujifunza nyumbani au darasani hakuna ugomvi. Ukitaka kuuza kazi au kuitangaza, picha uliyoikata ina mwenyewe, na sheria za hakimiliki zinamlinda. Nchini Tanzania unaweza kuuliza ofisi ya hakimiliki, COSOTA. Nchini Kenya kuna bodi ya KECOBO. Njia iliyo salama zaidi ni kupiga picha zako mwenyewe, au kutumia ulivyonavyo kama majani, vitenge, maboksi ya chai na vifuniko vya chupa.

Wengine wa kuwafuatilia

Mutu hayuko peke yake. Ng'endo Mukii, pia wa Kenya, alitengeneza mwaka 2012 filamu fupi ya katuni iitwayo Yellow Fever, inayozungumzia kujichubua na jinsi watoto wa kike wanavyojifunza kuichukia ngozi yao. Kwa watoto, Tinga Tinga Tales ilitengenezwa Nairobi kwa kufuata michoro ya Tingatinga iliyoanzia Dar es Salaam, na Ubongo Kids hutengenezwa Dar es Salaam kwenyewe.

Klabu yako ikitaka mahali pa kuanzia, anzeni na yule mwanamke wa kikapu. Kateni mwanamke mmoja kwenye gazeti, mwekeni barabarani, kisha mama au bibi mmoja wa kijiji aitwe aseme ni kitu gani kiongezwe kwanza juu ya kichwa chake, na nani angepaswa kumpokea.